Nyumba na Matandiko ya Simbilisi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mnyama mdogo, simbilisi, na hasa juu ya nyumba impasayo kukaa na matandiko yampasayo kulalia. Labda wako watakaocheka na kusema, "Je, hakuna jambo kubwa zaidi la kuwaambia watu?" Twawaomba wangoje kidogo. Sisi nasi tulicheka hivyo hivyo zamani, na kicheko chetu kiligharimu maisha ya wanyama wanne wasio na kosa, na machozi ya mtoto mmoja.

Kwanza na tumtambue mnyama mwenyewe. Simbilisi ni wa jamii ya wanyama wagugunao, kama panya, lakini hana mkia uonekanao. Mwili wake ni mnene, masikio yake mafupi, na miguu yake mifupi sana. Mguu wa mbele una vidole 4, na mguu wa nyuma una vidole 3. Asili yake si Afrika. Alitoka katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, katika nchi ya Peru na nchi zilizo jirani nayo. Huko watu wamemfuga kwa ajili ya nyama tangu maelfu ya miaka, kabla meli za Wahispania hazijafika, na hata leo humfuga. Kwetu Afrika ya Mashariki na ya Kati yeye ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Utamkuta katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pande za Iringa, Njombe na Mbeya, na vilevile katika nchi ya Kivu huko Congo.

Faida yake si ndogo. Hula nyasi, na majani ya mboga yatupwayo jikoni. Jike huchukua mimba siku 60 hadi 70 hivi, huzaa watoto 2, 3 au 4, na watoto hao huzaliwa wakiwa na manyoya na meno, macho yao yakiwa wazi. Baada ya siku moja au mbili mtoto huanza kutafuna majani, ijapokuwa bado ananyonya. Basi nyumba isiyo na ng'ombe wala mbuzi yaweza kupata nyama kwa njia hii, na mtoto wa shule aweza kuwa na mali yake mwenyewe iliyo hai. Hapana budi kusema hivi mwanzo, ili msidhani kwamba twazungumza juu ya mchezo.

Sasa tuwasimulie yaliyotupata.

Tulitaka wanafunzi wa shule ya mazoezi, iliyo karibu na chuo cha waalimu tulimokuwa tukifundisha, wajifunze kufuga kwa akili wala si kwa mazoea tu. Tuliwaona simbilisi wa vijijini wakikimbia ovyo jikoni, katikati ya moshi na majivu, tukasema, "Sisi tutawajengea nyumba ya kistaarabu." Tukamwita seremala, akatutengenezea kizimba kizuri sana. Kilisimama juu ya miguu minne, kikapakwa rangi ya kijani, na sakafu yake ikawa ya wavu wa chuma, ili mavi yaanguke chini yenyewe, pasiwe na haja ya kufagia. Urefu wake ulikuwa futi 2, na upana wake futi 2 vilevile. Tukakiweka chini ya paa la bati, kando ya ukuta upigwao na jua la jioni, mahali ambapo kila mgeni apitaye angekiona. Humo tukatia majike 6 na dume 1.

Mmoja wa majike hao hakuwa wetu. Mtoto wa darasa la nne alimleta kutoka jikoni kwa bibi yake, akiwa na mimba. Mnyama huyo ndiye aliyekuwa mali yake yote. Akatuambia, "Mwalimu, nataka azae katika nyumba nzuri." Tukampokea, tukamsifu mtoto kwa moyo wake.

Katika wiki ya pili tuliona wanyama wakichechemea. Tulipowainua tulikuta nyayo zao zimekuwa nyekundu, na mmoja alikuwa na kidonda kilichovimba. Tukafikiri kwamba dawa yake ni kuwapa godoro. Seremala alikuwa na rundo la maranda ya mti wa mwangati, ambao wengine huuita mtarakwa, na harufu yake tamu ilijaza karakana yote. Tukatandika karatasi juu ya wavu, tukamwaga maranda hayo tele. Wageni wakasema, "Kumbe hapa hapanuki kabisa!" Nasi tukafurahi kusikia hivyo. Lakini hazikupita siku nyingi wanyama wakaanza kupiga chafya. Macho yakatoa machozi, mbavu zikawa zikipanda na kushuka kwa shida. Katika muda wa siku 9 walikufa wanne, na wa nne alikuwa yule jike wa mtoto. Tulipompasua tulikuta watoto 3 tumboni, wenye manyoya tayari.

Mtoto hakulia mbele yetu. Alisimama akaitazama ile rangi ya kijani, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwa bibi hakuugua hata siku moja, na kule ni moshi mtupu. Mbona amekufa hapa penye nyumba nzuri?" Baadaye tulimkuta nyuma ya darasa akilia peke yake. Wasikilizaji wetu, tumeulizwa maswali mengi katika kazi yetu, lakini swali lile lilitushinda.

Tulianza kwa kukishuku chakula. Tulijua kwamba simbilisi, kama mwanadamu, hawezi kujifanyia vitamini C mwilini mwake. Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, na wanyama wale wakapata ugonjwa kama kiseyeye cha mabaharia. Kwa hiyo simbilisi asiyepata majani mabichi kila siku atadhoofika na kufa, hata akilala juu ya hariri. Lakini wetu walipewa majani mabichi asubuhi na jioni, na wanafunzi walioshika zamu hawakukosa hata mara moja. Chakula hakikuwa na hatia. Ikabaki nyumba.

Siku ya pili yake bibi wa mtoto alikuja chuoni. Tulidhani amekuja kudai. Tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," akaomba aonyeshwe kizimba. Hakukisifu wala hakukilaumu. Alipiga magoti, akatia uso ndani mpaka pua yake ikakaribia kugusa maranda, akakaa hivyo kwa muda. Alipotoa kichwa alikuwa akikohoa. Akatuambia, "Wanangu, ninyi mmeinusa nyumba hii mkiwa mmesimama. Anayeishi humo pua yake iko chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Tukapiga magoti sisi nasi, mmoja baada ya mmoja, mbele ya wanafunzi wetu, tukanusa. Harufu ya mwangati iliyokuwa tamu kwa mtu aliyesimama, kule chini ilikuwa kali kama pilipili. Na chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya mkojo, iliyochoma macho. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kizimba kile tulikuwa tumekijenga kwa ajili ya macho yetu na ya wageni, wala si kwa ajili ya simbilisi.

Basi na tuyachambue makosa yetu moja moja, maana pengine ninyi mnayo hayo hayo.

Kosa la kwanza lilikuwa sakafu ya wavu. Nyayo za simbilisi ni ngozi tupu, hazina manyoya ya kuzikinga. Akisimama juu ya waya mchana na usiku, ngozi huchubuka, uchafu huingia, na mguu hufanya usaha. Tena watoto wachanga hupenyeza miguu katika matundu ya wavu, wakainasa na kuivunja. Sakafu yampasa kuwa ngumu na laini, nayo ifunikwe na matandiko.

Kosa la pili lilikuwa maranda ya mti wenye harufu. Kwa nini watu hupenda sanduku la mti wa jamii hiyo kwa kuwekea nguo? Kwa sababu mafuta yaliyo katika mti hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huo hufukuza nondo. Sasa jiulizeni, kitu kiwezacho kumfukuza nondo sandukuni kitamfanyia nini mnyama mdogo aliyefungiwa nacho usiku na mchana, asiye na mlango wa kutokea? Humwasha puani na kifuani, na kwa muda mrefu huweza kudhuru hata ini lake. Sisi tuliita harufu ile usafi, kumbe ilikuwa ikificha uchafu tu.

Kosa la tatu lilikuwa mkojo. Matandiko yaliyolowa yakikaa bila kubadilishwa, vijidudu huugeuza mkojo, nao hutoa hewa kali iitwayo amonia. Hewa hiyo huchubua njia za pumzi, na hapo kichomi hupata mlango wa kuingia. Simbilisi hufa upesi sana kwa kichomi. Kwa hiyo msitumaini kwamba harufu nzuri itaponya harufu mbaya. Dawa ya uchafu ni kuuondoa.

Kosa la nne lilikuwa nafasi, na la tano joto. Wanyama saba katika futi 2 kwa futi 2 walikuwa kama abiria katika lori. Tena simbilisi ana manyoya mengi, na nchi ya asili yake ni ya milima yenye baridi. Baridi kavu aweza kuivumilia akiwa na matandiko tele, lakini joto likizidi digrii 30 kwa kipimo cha Selsiasi yumo hatarini, na jike mwenye mimba humtangulia mwenzake kufa. Bati na jua la jioni vilikuwa tanuri.

Je, tuseme basi kwamba jikoni ndiko mahali pema, na shule haina la kufundisha? La, sivyo. Bibi yule mwenyewe hakusema hivyo. Jiko lake lilikuwa na mema yake, yaani sakafu kavu ya udongo, nafasi ya kukimbia, pembe zenye giza za kujificha, na nyasi kavu. Lakini jiko lina mabaya yake pia. Moshi huchoma mapafu ya wanyama kama uchomavyo yetu. Watoto wa simbilisi hukanyagwa, huungua motoni, huliwa na paka. Mavi yao huanguka karibu na chakula cha watu na kuleta magonjwa ya tumbo. Tena hakuna ajuaye dume yupi amempanda jike yupi, hata ndugu huzaa na ndugu, na kizazi kikazidi kudhoofika. Mtu mwenye akili huchukua mema ya jikoni, akayaacha mabaya yake.

Sasa tuwaelezeni nyumba tuliyoijenga mara ya pili.

Tulichagua mahali penye kivuli, chini ya paa la nyasi, upande usiopigwa na upepo wa mvua. Tukatengeneza kizimba chenye urefu wa futi 5 na upana wa futi 3, kwa ajili ya majike 5 na dume 1. Huko Peru wafugaji huwaweka majike 7 hadi 10 pamoja na dume 1 katika kiwanja cha mita 1 na nusu kwa mita 1, na hicho ni karibu sawa na chetu. Sisi tuliona heri wapungue kidogo, maana wanafunzi bado walikuwa wakijifunza. Kimo cha kuta kilikuwa futi 1 na nusu. Msistaajabu kwamba ni kifupi, kwa kuwa simbilisi hapandi ukuta, wala hajui kuruka juu sana. Urefu wa sakafu una faida kwake kuliko kimo cha kuta. Orofa aziacheni kwa njiwa.

Sakafu yetu ilikuwa ya mbao zilizopigwa randa na kubanana vizuri. Asiye na mbao aweza kutumia sakafu ya udongo ulioshindiliwa sana, iwe juu kuliko ardhi ya nje, ili maji ya mvua yasiingie. Kuta zaweza kuwa za mbao, za matofali, au za mianzi iliyofungwa karibu karibu. Lakini sakafu isiwe ya mianzi yenye nafasi, maana mguu utanasa.

Juu tuliweka kifuniko cha wavu wa kuku katika fremu ya mti. Pale wavu una kazi yake halali, kuingiza hewa na kumzuia paka. Nyakati za usiku maadui ni wengi: paka, mbwa, nyoka, panya wakubwa, na siafu, ambao huweza kummaliza jike na watoto wake kabla ya mapambazuko. Kama kizimba kina miguu, kila mguu utiwe katika kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake, nayo makopo yaangaliwe kila siku, yasikauke.

Ndani ya kizimba tuliweka kijumba cha kujificha. Simbilisi ni mwoga kwa asili, kwa maana silaha yake ni kukimbia tu. Asipokuwa na mahali pa kujificha hukaa na hofu saa zote, na mnyama mwenye hofu hali vizuri wala hanenepi. Sanduku dogo lililogeuzwa latosha, ila liwe na milango miwili. Likiwa na mlango mmoja, mwenye nguvu atasimama mlangoni na kumfungia mnyonge ndani.

Tena msimtie sungura katika nyumba ya simbilisi, ijapokuwa wote wawili hula nyasi. Teke la sungura huvunja mgongo wa simbilisi, na sungura aweza kuwa na vijidudu visivyomdhuru yeye lakini vimpatiavyo mwenzake kichomi.

Tufike sasa kwenye matandiko, jambo ambalo watu wengi hulidharau.

Yaliyo bora kwa mwanakijiji ni nyasi kavu, nazo hazina bei. Zikateni kabla hazijakomaa na kuwa ngumu kama miti, mzianike juani siku 2 au 3, mkizigeuza, kisha mziweke juu ya uchaga, mvua isizifikie. Kabla ya kuzitandika zijaribuni. Shikeni konzi moja, mkunje, ivunjike. Inuseni, inukie kama shamba baada ya mavuno. Ikung'uteni, isitoe vumbi jeupe. Vumbi jeupe ni koga, na koga ni sumu kwa mapafu na kwa tumbo pia, maana simbilisi hula matandiko yake. Nyasi zenye koga zitupeni shimoni, wala msiwe na huruma nazo.

Tandikeni nyasi hizo unene wa inchi 3, na wakati wa baridi mwongeze. Kule Njombe, katika miezi ya Juni na Julai, usiku huwa na baridi kali, na hapo matandiko ndiyo blanketi.

Palipo na migomba, majani yake makavu yaliyochanwa vipande yafaa. Maganda makavu ya mahindi, yale yafunikayo gunzi, yafaa vilevile. Maranda ya seremala yaweza kuwekwa chini ili yanywe mkojo, na nyasi juu yake, lakini ulizeni kwanza ni ya mti gani. Yawe ya mti usio na harufu kali, tena mkavu, na ambao haukupakwa rangi wala kutiwa dawa ya mchwa. Vumbi la msumeno halifai, maana huingia puani na machoni. Makapi ya mpunga hayanywi maji vizuri, na ncha zake huchoma macho. Majivu yakilowa huunguza ngozi. Matambara na nyuzi haviruhusiwi kabisa, kwa kuwa uzi hujizungusha mguuni mpaka mguu ukafa.

Majani mabichi si matandiko. Mtu akiyatupa sakafuni, mnyama atayakanyaga, atayakojolea, kisha atayakataa, nayo yataoza na kulowesha nyumba. Tengenezeni hori ndogo ya vijiti, ining'inie ukutani, karibu na sakafu kiasi ambacho mtoto aweza kufikia. Chakula kikae juu, malazi yakae chini. Maji nayo yawe katika chombo kizito kisichopinduka.

Kila siku asubuhi ondoeni yaliyolowa. Simbilisi hupenda kukojoa pembeni, kwa hiyo kazi hii haichukui muda mrefu. Kila wiki ondoeni matandiko yote, fagieni, acheni sakafu ikauke, kisha tandikeni mapya. Lakini msiitegemee kalenda peke yake. Kila siku mwenye zamu apige magoti na kutia uso ndani mpaka chini, kama alivyofanya bibi yule. Macho yake yakichomwa, matandiko yamepitwa na wakati, hata kama yalibadilishwa jana. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na yale yaliyoondolewa msiyatupe ovyo. Yarundikeni shimoni yaoze, nayo yatakuwa samadi njema kwa bustani, na bustani itarudisha majani kwa simbilisi.

Watoto madume watengwe na mama zao wakifika wiki 3, na dume la kupandia libadilishwe na la jirani, ili ndugu wasizae na ndugu.

Yamkini mmoja wenu anauliza kama nyumba hii yafaa kwa kila mnyama mdogo. Haifai, na tuwape mfano mmoja wa mbali. Huko Ulaya watoto wengi hufuga mnyama mdogo kuliko kiganja cha mkono, aitwaye hamsta kibete. Asili yake ni nchi tambarare zenye majani, baridi na ukavu, katika Kazakhstan, Mongolia na Siberia. Huyu huchimba mashimo ardhini, huamka usiku, na hubeba mbegu katika mifuko ya mashavu yake. Kwa hiyo yeye hahitaji inchi 3 za matandiko, bali inchi 6 au zaidi, mengi ya kuchimba na kujifukia. Nyasi laini na karatasi nyeupe iliyochanwa vyamfaa. Pamba haimfai, maana hujizonga mguuni, tena huikusanya mashavuni ikamkwama. Nyumba yake ni sanduku la kioo au la mti lenye kifuniko kipitishacho hewa, kwa kuwa katika kizimba cha fito za chuma hupenya mahali ambapo kidole cha mtu hupita kwa shida. Mtieni hamsta katika nyumba ya simbilisi, atatoroka usiku wa kwanza. Mtieni simbilisi katika sanduku la hamsta, hatakuwa na mahali pa kukimbia. Hapana nyumba iliyo njema kwa wote. Mjenzi hana budi kuuliza kwanza, "Mnyama huyu kwao huishije?" ndipo ashike msumeno.

Wasikilizaji wetu, mtapenda kujua mwisho wa yule mtoto. Wanyama watatu waliosalia walipona katika nyumba mpya, na bibi alituletea majike wengine watatu kwa bei aliyoitaka yeye. Baada ya miezi michache walizaliwa watoto wa kwanza. Tulimwita mtoto, tukamwambia achague jike anayemtaka, maana lilikuwa deni letu kwake. Hakuchagua upesi. Alipiga magoti kwanza, akatia uso ndani ya kizimba, akakaa kimya akinusa. Kisha akainuka, akasema, "Sasa hapa pazuri, Mwalimu. Naomba jike wangu abaki hapa mpaka azae."

Tangu siku hiyo, kila mwalimu kijana anayekuja chuoni kwetu akitaka kuonyeshwa kizimba, twamwomba kwanza apige magoti.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambieni leo. Mwenye simbilisi na aende akamtazame kabla giza halijaingia. Kwaherini.